Mwalimu Aliyekikataa Kiraka Changu

Katika miaka yote niliyomfahamu, Mwalimu aliweka jina lake chini ya kazi ya mtu mwingine mara chache sana, na kazi yangu haikuwamo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani ninaandika sifa za marehemu. Kwanza, si marehemu. Pili, nilimchukia karibu miaka miwili, na bado naona nilikuwa na haki ya kumchukia.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha umeme katika shule moja ya ufundi hapa Butembo, mpaka shule ikakosa hata waya za kufundishia. Wazazi wake na ukoo wake sitawataja. Kwetu mtu akianza na ukoo ataishia kwenye mashamba, na habari za mashamba hazijawahi kwisha. Inatosha kujua kwamba alikuwa na nyumba mtaa wa Bulengera, chumba kimoja kilichojaa kompyuta kuukuu zilizopita mpakani Kasindi chini ya marobota ya mitumba, mke asiyeogopa kumkemea mbele ya wageni, na kabuti la kijivu alilolivaa asubuhi zote za ukungu, yaani asubuhi zote.

Kazi aliyoipenda haikuwa na mshahara. Kila kompyuta ina programu moja iliyo chini ya nyingine zote, inayogawa kazi na zamu. Sisi tunaiita noyau, kama Wafaransa. Ile tuliyoitumia ni mali ya kila mtu: watu wa dunia nzima huirekebisha kwa kuandikiana barua, na kila rekebisho huitwa kiraka. Kiraka hakiingii mpaka mtu anayeifahamu sehemu ile akisome, kisha akubali kuandika mstari mmoja chini yake: nimekikagua, na jina langu ni hili. Mwalimu alikuwa mkaguzi wa sehemu moja ngumu, ile ya kuziamsha prosesa, vile vichwa vinavyofanya kazi ndani ya kompyuta. Wenzake wa Ulaya na Amerika walidhani wanajibizana na mtu mwenye ofisi. Hawakujua kwamba barua zao zilichapwa kwenye cyber, kibanda cha mtandao chenye dishi la setilaiti, zikakunjwa mara nne, zikasomewa dirishani na mzee aliyevaa kabuti.

Alikuwa msomaji wa ajabu. Mara ya kwanza alisoma kwa sauti, kama anasoma zaburi, bila kujaribu kuelewa. Mara ya pili alisoma kwa kidole. Mara ya tatu ndiyo iliyowachosha watu: baina ya kila mstari na unaoufuata alisimama akauliza, "Courant ikienda hapa, nani anabakia nangoja?" Akiulizwa kwa nini anauliza hivyo hata pale ambapo umeme hauhusiki, alikuambia uangalie Butembo. Hapa hakuna mtu anayepika, anayeshona wala anayechomelea vyuma akiamini kwamba alichokianza kitakwisha bila kukatizwa. Wazungu, alisema, wanaandika kama watu ambao hawajawahi kukatiwa kitu katikati.

Ukaidi wake haukuishia kwenye karatasi. Siku moja tulikuwa juu ya kamyo ya mizigo tukitoka Maboya, tukasimamishwa kwenye kizuizi na wanajeshi waliotaka "kitu ya chai". Abiria wote walijipapasa mifukoni. Mwalimu alishuka, akakaa juu ya jiwe, akatoa karatasi zake na kuanza kusoma. Abiria walimtukana kwa Kinande na kwa Kiswahili, na mama mmoja mwenye magunia ya viazi alimwambia kwamba watu wa namna yake ndio wanaoipa nchi mkosi. Mwanajeshi mmoja akaja kuuliza zile karatasi ni za nini. Mwalimu akamweleza. Alimweleza kwa utaratibu, tangu prosesa ni kitu gani, kwa muda mrefu hivi kwamba mkubwa wao aliinua kamba mwenyewe na kutuambia tumwondoe huyo mzee pale. Sikumpenda siku ile, maana mimi pia niliaibika.

Wala msidhani alikuwa mtu wa kupangika. Mwalimu aliyetaka kila mstari ukae mahali pake alichelewa kila mahali. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa lake la Kiprotestanti, na aliingia kanisani wakati wa mahubiri, kabuti likiwa limefungwa vifungo kombo. Mchungaji akimgusia, alijibu, "Mi sikusema ntakuwa kule saa tatu. Ni weye njo ulisema." Aliogopa radi, yeye fundi wa umeme. Mvua kubwa ikianza alikwenda chini ya meza na kuendelea kubishana na wewe kutoka huko huko chini, akitoa sababu za kisayansi. Na simu aliichukia. Alisema ni mashine ya kufundisha watu uongo, kwa maana kila mtu Butembo hupokea simu akisema "niko nafika" akiwa bado anaoga.

Hilo la mwisho lilinihusu zaidi ya nilivyojua, kwa kuwa kosa nililolifanya ni kosa la mtu aliyekulia kwetu. Utotoni, katika miaka ya vita vya kwanza, shule ilifungwa na kufunguliwa bila taarifa, na orodha ya waliohudhuria iliitwa haraka haraka kabla mambo hayajaharibika tena. Tulijifunza kuitika tukiwa bado njiani. Ukilisikia jina lako kutoka kwenye kona ya barabara, ulipiga kelele "niko!" halafu ukakimbia. Jina likishaandikwa, mengine yalijipanga. Hakuna aliyetuadhibu kwa hilo. Nilikua nikiona ni akili.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi Beni, kutunza mashine katika kituo kimoja cha afya. Kompyuta ilikuwa moja tu, imechoka, inaishi kwa betri, jenereta na huruma ya Mungu. Ndani yake niliweka kompyuta tatu zisizo na mwili, machines virtuelles, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Moja ilishika majina ya wagonjwa, ya pili maabara. Ya tatu ilikuwa na orodha ya watu wa kutoa damu: jina, aina ya damu, mtaa anaokaa, na jirani wa kumtuma. Vita vilikuwa vimerudi, magari yalileta majeruhi mchana kweupe, na hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote.

Shida ilikuja kila umeme uliporudi. Mashine zote tatu ziliamka pamoja, zikigombania pumzi ya ile moja. Katika kila moja, prosesa ya kwanza huwaamsha wenzake mmoja mmoja. Anayeamka ana mambo mawili ya kufanya. Anapanga kengele zake, yaani ile njia ya kumwambia aache alichonacho kwa sababu kuna la haraka. Vitabu huita interruption, ila Mwalimu alisema kengele na sisi sote tukamfuata. Kisha anaandika jina lake katika orodha ya waliopo, ili wengine wajue wanaweza kumpigia. Pale kwetu wenzake walichukua muda mrefu kupanga kengele, prosesa ya kwanza ikakata tamaa, ikaendelea bila wao, na mashine ikatambaa siku nzima kama mgonjwa.

Nikaandika kiraka. Kilikuwa kifupi, na nilikipenda kuliko nguo yangu yoyote. Niligeuza mambo mawili tu: anayeamka aandike jina kwanza, kengele apange baadaye kwa utulivu. Wa kwanza akiliona jina anaridhika, na kazi inaendelea. Nilikijaribu Butembo, nilipokuja nyumbani, kwenye mashine mpya ya mfanyabiashara mmoja ambaye jenereta yake haizimi, na kila mara mashine iliamka bila tatizo. Nikakituma kwenye orodha ya barua.

Mtunzaji wa sehemu ile, mtu wa Ulaya ambaye sijawahi kuuona uso wake, alijibu kwa sifa tupu. Akaongeza kwamba kampuni yake ina nafasi ya mafunzo ya mwaka mzima kwa mtu ambaye kiraka chake kimeingia, na kwamba changu kikiingia kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi ni yangu. Kilibaki kitu kimoja, mstari wa mkaguzi. Na mkaguzi aliyemtaka alikuwa Mwalimu, kwa sababu alizijua barua zake kwa miaka.

Nilicheka nilipoisoma. Dunia nzima, na mtu aliyeshika mlango wangu anakaa Bulengera, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu! Wiki ile watu walikuwa wakiingia Butembo kutoka vijiji vya upande wa Beni na magodoro kichwani. Mama yangu alikuwa ameshafunga mzigo wangu. "Masika, enda," alisema kila asubuhi, kabla ya kunisalimia. "Enda, kisha utatukumbuka."

Mwalimu alikisoma kiraka mara tatu, siku tatu. Siku ya nne aliniita uani kwake, mchana, akamwita na mkewe, na jirani yake mshonaji aliyekuja na sentimita shingoni. Mke wake alikuwa na maharagi motoni. Mwalimu akampa sufuria tupu na mwiko, akamwambia yeye ndiye prosesa ya kwanza. Mimi nilikuwa ya pili. Mshonaji alikuwa mashine nyingine inayotaka pumzi.

"Soma mustari yako ya kwanza," akaniambia.

"Niko!" nikasema, nikianza kuelekea kwenye kiti, maana kukaa kwenye kiti ndiko kulikuwa kupanga kengele.

"Courant!" akapiga kelele. "Usitikisike. Mashine kubwa imekuachisha, imepatia fundi ya nguo zamu. Weye hata haujue kama umesimama."

Nikasimama mguu mmoja mbele. Mshonaji akaambiwa ashone, akashona hewa. Mke wa Mwalimu akaambiwa anipigie, akagonga sufuria. Sikuweza kujibu. Akagonga tena.

"Sasa weye," Mwalimu akamwambia mkewe, "hauna ruhusa ya kufanya kitu ingine mpaka yeye ajibu. Si umeona jina yake? Si alisema iko?"

Kisha akakaa kwenye kiti changu, akajimiminia chai na kuinywa. Hakuharakisha. Tulisimama pale watu wazima watatu, mshonaji akishona hewa, na harufu ya maharagi yanayoungua ikaanza kutoka jikoni.

"We Mwalimu, maharagi!" mkewe akasema.

"Nimeisikia. Ngoja."

"Maharagi inaungua, na batoto ya batu batakula nini?"

"Njo vile," alisema Mwalimu, akiziweka karatasi zangu magotini. "Mashine itakufa vile. Hapana juu ya kitu kubwa. Juu ya mutu moja alisema niko, na hakuwa."

Mke wake aliutupa mwiko, akakimbilia jikoni, na jioni ile nasikia walikula mkate. Mimi nilibaki uani na hasira yangu. Nikamwambia kwamba baina ya mistari yangu miwili hakuna nafasi hata ya kupepesa jicho, kwamba hakuna mashine inayosimamishwa muda wa kunywa chai.

"Ulipimia fasi gani?" akauliza.

"Hapa Butembo. Kwa mashine mupya."

"Yenye haichoki."

"Ndiyo."

"Jina yangu siiweke," akasema, na kunirudishia karatasi.

Kesho yake mama yangu alikwenda kwake bila kuniambia, na kuku jike chini ya kwapa. Nilisimuliwa na mshonaji. Alimweleza Mwalimu kuhusu barabara, kuhusu mtoto wa dada yake aliyechukuliwa, kuhusu mzigo uliofungwa. Alimwambia, "Ni mustari moja tu, baba. Mustari moja, mutoto yangu apone." Mwalimu alilia. Mshonaji aliapa kwamba aliyaona machozi. Kisha akamshukuru mama kwa kuku, wasingya sana, akampokea yule kuku kwa mikono miwili, akasema, "Kuku tutamukula, mama. Mais lakini kiraka iko mubaya." Mama alirudi mikono mitupu na hakumtaja tena mtu yule isipokuwa kwa kusonya.

Nikamfuata tena, safari hii nikapayuka. Nikamwambia kiraka kinafanya kazi, na ushahidi ninao, kwa maana nimeshakiweka Beni kwa mkono wangu, kwenye kituo cha afya, kwa siku kadhaa, na mashine zinaamka vizuri. Alinitazama kama mtu anayetafuta alipoweka miwani. Halafu akachukua kabuti.

"Twende Beni," akasema. Ilikuwa mara pekee nilipomwona akiharakisha.

Tulipanda pikipiki mbili, tukakutana na watu waliokuwa wakikimbia kutoka kule tunakokwenda. Mmoja alitupigia kelele tumepotea njia. Kituoni Mwalimu alimwomba muuguzi mkuu, mwanamume mpole aliyekuwa na sauti ya chini, achape kwanza orodha ya damu kwenye karatasi. Printa ilikuwa haina wino. Muuguzi akatoa daftari lenye nakala ya zamani, akasema itatosha, mchana ni mtulivu. Mwalimu akazima betri kwa mkono wake. Akawasha. Mashine tatu zikaamka. Akazima tena, zikaamka tena. Mara ya tano nilikuwa natabasamu waziwazi.

"Ongeza," akasema.

Sikuhesabu ilikuwa mara ya ngapi. Ya wagonjwa iliamka, ya maabara iliamka, ya damu ikabaki nyeusi. Kijistari kidogo kilisimama juu kushoto ya kioo cha kompyuta, hakipepesi. Nilingoja. Nilijua kila kilichokuwa kikitokea ndani ya ule weusi: mmoja anagonga, mwingine ameshaandikwa kuwa yupo, na hayupo. Nilikuwa nimesimama uani Bulengera na mguu mmoja mbele.

Ndipo gari likaingia na majeruhi wa barabarani. Muuguzi mkuu akaja mlangoni, na ile sauti yake ya chini haikuwapo tena. "Masika, O négatif! Haraka, dada, nani iko karibu?"

Nilikuwa na kioo cheusi. Nikamwambia, na bado naisikia sauti yangu, "Ngoja kidogo, iko naamuka." Hata pale nilisema hivyo. Muuguzi hakungoja. Alifungua daftari la zamani, akasoma majina kwa sauti, na waliosimama uani wakajibu: huyo alikimbilia Butembo, huyo hatujui, huyo yuko sokoni mtaa wa Beu, nilimwona asubuhi. Wakamfuata yule wa sokoni kwa pikipiki. Alikuja na aproni ya kuuzia nyama, akatoa damu, akarudi kwenye meza yake. Hakuna aliyekufa mbele yangu siku ile, na hilo halikuwa kwa sababu yangu.

Nilikiondoa kiraka kwenye mashine ile. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, uso umemshuka. Nikamrushia la kwanza lililonijia mdomoni. "Ni weye ulizima betri!"

"Ni miye," akasema. "Na kesho ingezima yeye yenyewe. Mais leo ni miye. Nitajibu kwa Mungu juu ya ile."

Aliporudi Butembo alimwandikia mtunzaji barua ndefu. Jibu lilikuja fupi: hali yetu si ya kawaida, mashine iliyotunzwa vizuri haiwezi kusimamishwa muda mrefu namna hiyo, na kama Mwalimu ataweka mstari wake, kasoro itarekebishwa baadaye. Mwalimu alinisomea alichokijibu, akiwa amesimama mbele ya cyber katikati ya watu. Mashine yenu inapumua vizuri, aliandika, kwa hiyo haioni kosa. Yetu imechoka, kwa hiyo inaliona. Msiite uchovu wetu ubovu. Noyau hii haikuandikwa kwa ajili ya wenye umeme peke yao, na kama iliandikwa hivyo, basi iandikwe mlangoni tujue.

Nilimpenda kwa dakika moja pale barabarani. Kisha barua ya pili ilikuja, kwangu mimi. Mtunzaji alikuwa amepata mkaguzi mwingine aliye tayari kuandika mstari. Kiraka kingeingia kama kilivyo. Nilihitaji tu kusema ndiyo.

Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema walichagua mema. Mimi nilikaa mbele ya ile barua nikimlaani Mwalimu, kwa maana angenyamaza tu, nisingekiona kile kioo cheusi, na ningeondoka na moyo mwepesi. Nikaandika kwamba nakiondoa kiraka changu, kina kosa. Nafasi ilipewa mtu mwingine. Mama alifungua mzigo wangu, nguo moja moja, na sikumsalimu Mwalimu mvua mbili nzima. Nilipomwona sokoni nilivuka barabara. Miezi baadaye kiraka kilichonyooshwa, kengele kwanza na jina baadaye, na prosesa ya kwanza ikafundishwa kungoja zaidi, kiliingia bila kelele. Hakikuwa na mstari wa Mwalimu. Baada ya barua yake ile hakuna aliyemtumia tena kitu cha kukagua, na hakulalamika, ingawa aliendelea kwenda cyber kila wiki kuuliza kama kuna kitu.

Mwaka jana nilimfuata Beni. Alihamia mtaa ule wa Beu wakati watu wa Beu wanahamia Butembo, na ukimuuliza sababu anasema nyumba zilikuwa tupu, mtu unachagua. Amepungua, kabuti limembakia kubwa, na macho hayasomi tena ila herufi nene. Mimi sasa ni mmoja wa wakaguzi wa sehemu ile ile. Naifanya kazi hiyo nikiwa Butembo, kwa mshahara wa kampuni ya yule yule mtunzaji, ambaye leo ni mkubwa wa wakubwa zangu. Na kiraka nilichokuwa nacho kwenye kompyuta yangu siku ile kilikuwa cha huyo mkubwa. Kilikuwa kirefu na kizuri, kinaziamsha mashine kwa haraka ya ajabu, na katikati yake, kwa maneno mapya, jina liliandikwa kabla ya kengele. Wenzangu wote walikuwa wameshaweka mistari yao. Wangu tu ulikuwa haujafika, na nilikuwa nimeulizwa mara mbili, ya pili bila salamu.

Nilimkuta ameketi uani. Kabla ya kumweleza chochote, nilimuuliza jambo nililolibeba miaka mingi: kama alijua, siku ile anamkatalia mama, kwamba ananiweka mimi chini ya risasi.

"Nilijua," akasema. "Sikulala. Mke yangu alisema niweke tu, na miye nilitaka kuweka. Mais kiraka ilikuwa mubaya, Masika. Ningeiweka, ungekuwa Ulaya, na Beni tungekuwa na kioo nyeusi."

"Na kama ningekufa?"

"Ningelia mpaka leo," akasema. "Na jina yangu haingekuwa pale."

Nikafungua kompyuta, nikaanza kumsomea kile kiraka kipya, taratibu, ili anisikilize kwa masikio ikiwa macho hayawezi. Sikuwa nimefika katikati akainua mkono.

"Ni nani aliulizwa?"

"Miye."

"Miye sikuulizwa. Umeshajibu?"

"Bado, Mwalimu. Nilikuja kwanza..."

"Donc ulikuya kutafuta nini hapa?" Akasimama kwa shida, akiushika ukuta. "Unataka niseme weka, uweke? Ao niseme usiweke, kiisha bakikufukuza kazi useme ni Mwalimu? Hapana, mwana yangu. Ile sifanye."

Mke wake akatoka kusema mgeni hajapewa hata kiti, na safari ya Butembo ni hatari, na huo ni utu gani. Mwalimu alikuwa ameshaingia ndani na kufunga mlango. Nilimsikia akikohoa huko. Nilikaa chini kwenye kizingiti, nikiwa na aibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli: nilikuja Beni kutafuta mtu wa kusaini kwa niaba yangu, au wa kukataa kwa niaba yangu, na kwangu yote mawili yalikuwa sawa.

Mtandao wa simu ulikuwa na vistari viwili. Nikaandika kwamba nimekisoma kiraka, kwamba prosesa inatangazwa kuwa ipo kabla haijaweza kusikia, na kwamba mashine iliyochoka itakwama hapo. Nikaeleza mstari gani. Nikasema jina langu siliweki, na kama lipo lingine lenye kuwekwa, waliweke wao. Nikaituma kwa mkubwa wangu na kwa orodha yote, mchana, nikiwa nimekaa chini mlangoni kwa mtu aliyenifungia, kisha nikafunga kompyuta na kwenda kutafuta pikipiki.